Kimea Kilichokwenda Morogoro

Kenyamonta,
6 Machi 1977

Gati, binti wa kaka yangu,

Huku tupo. Baba yako mguu umepungua uvimbe ila mdomo haujapungua. Bado anagombana na mwenyekiti kuhusu mpaka wa shamba la kijiji. Mvua ilinyesha siku mbili, kisha ikaenda zake. Ng'ombe mwekundu amekauka maziwa. Barua hii naandika kwa mkono wangu, simtumii tena mwalimu Nashoni. Kisomo cha watu wazima nimefika daraja la nne, kwa hiyo usicheke herufi.

Sasa jambo. Ulipoondoka ulisema unakwenda kusomea chakula na lishe. Nilinyamaza. Nilikuvalisha sare ya sekondari kwa pombe ya ulezi, nikitegemea daktari au mhasibu, wewe ukaenda chuo kikuu kusomea kupika. Mimi napika tangu sijaota meno ya pili na hakuna aliyenivalisha joho. Haya, yamepita. Sasa hiyo elimu naomba ifanye kazi.

Mjukuu wangu Joram, yule wa mwanangu Waitara, anaisha. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Mama yake Verdiana ameshika mimba nyingine, na kama unavyojua kwetu, mwenye mimba hanyonyeshi. Zamani ningetuma mtu Sirari alete maziwa ya kopo. Mpaka wa Kenya umefungwa tangu mwezi uliopita, na hata mtu wa magendo anasema maziwa hayana faida kama sabuni. Mtoto nywele zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Waitara yuko kambi ya barabara, haji mpaka wamalize daraja.

Niambie nimpe nini. Usiniandikie kitabu.

Shangazi yako,
Nyangi


Morogoro,
2 Aprili 1977

Shangazi Nyangi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi, imechoka kuliko abiria. Mimi ni mzima. Likizo hii siji, wametubakiza wanafunzi wa mwaka wetu kwa mazoezi ya maabara. Maharage ya hapa yana wageni ndani, tunawatoa kwa kijiko na kuendelea. Mwambie baba apumzishe mguu pamoja na huo mdomo.

Shangazi, sisomei kupika. Wiki iliyopita tulichoma unga mpaka ukawa majivu, tukayapima majivu.

Ugonjwa wa Joram unaitwa unyafuzi. Mtoto anapata cha kushibisha tumbo ila hapati cha kujenga mwili. Kwanza mpelekeni zahanati wiki hii hii, uvimbe wa miguu siyo wa kusubiri. Kisha mpeni maziwa, yai moja kila siku, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mchicha, na machungwa au mapapai. Alishwe mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kwa uji mzito.

Nijibu upesi.

Wako,
Gati


Kenyamonta,
24 Aprili 1977

Gati,

Tunaendelea hivyo hivyo. Bibi Boke wa nyumba ya juu amezikwa Jumanne, umpe pole mwanawe ukimwandikia. Mihogo ya shamba la kijiji imeliwa na nguruwe pori, na mwenyekiti ameitisha mkutano wa kuwalaani. Nguruwe hawakuhudhuria.

Nimesoma dawa zako mara mbili nikadhani umekosea anwani. Maziwa: nilikuandikia ng'ombe amekauka, ulisoma na macho ya nani? Machungwa: kuna mchungwa mmoja Kenyamonta nzima, uko misheni, na unalindwa kuliko padri. Yai: Verdiana hataki, kwao mtoto anayekula yai huchelewa kusema. Nikamwambia asipokula hatasema kabisa. Akanitazama kama nimemtukana. Zahanati tulikwenda. Mganga alitupa vidonge, akasema, "Mama, mlishe mtoto vizuri." Nilitaka kumuuliza kama na yeye amesoma Morogoro.

Dagaa nimepata, maharage nimeponda. Lakini shida siyo hapo, na hili nimelikalia nikalihesabu. Nikipika uji mwepesi anamaliza kikombe, ila ndani ya kikombe kile nimetia vijiko viwili vya unga tu, kilichobaki ni maji, na baada ya muda anakojoa chote. Nikipika mzito kama ulivyosema, vijiko sita, anameza mara tatu, anachoka, anageuza uso. Hana nguvu ya kutafuna wala kumeza kitu kizito. Kwa hiyo nikimpa kingi hakina kitu, nikimpa chenye kitu hali. Huo ndio mtihani. Nyie wenye shahada mfanye.

Na usinitume kwa Verdiana. Tangu aokoke mwaka jana ananiita mama kwa adabu zote lakini kikombe changu hakinywei. Mzee Athanas wa kanisa amewafundisha kwamba nyumba inayopika pombe ina pepo kwenye kila chombo. Mimi wameniweka nje ya Meza ya Bwana tangu enzi za uhuru. Sadaka yangu hawajaiweka nje.

Nyangi


Morogoro,
15 Mei 1977

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa Bibi Boke. Alinifundisha kusuka kikapu, nikashindwa.

Nimeupeleka mtihani wako darasani. Sikutaja jina, nilisema "mama mmoja wa Mara". Mwalimu wetu akasema hilo ndilo swali ambalo alitaka mtu aulize tangu muhula uanze. Akaturudisha maabara.

Nilikuwa natazama uji mzito kwenye sufuria nikakumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo nilichota uji kwa mwiko wako wa pombe, uliokuwa na vumbi la kimea, nikauacha humo. Niliporudi uji ulikuwa umelainika kama maziwa. Ulinichapa. Ulidhani nimeongeza maji.

Kimea, shangazi. Ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Ile nguvu inayolainisha togwa na pombe ndiyo inayovunja uzito wa uji. Pika uji mzito wa vijiko sita. Utoe motoni, ungoje mpaka uweze kutia kidole na kuhesabu tano. Tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Utalainika mbele ya macho yako, na unga wote wa vijiko sita umo ndani. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo, kwa usafi. Ongeza dagaa. Hiyo siyo pombe, haikai hata saa moja. Tumia kimea cha ulezi tu, cha mtama usitumie, machipukizi yake yana sumu kwa mtoto mdogo.

Nimejaribu hapa kwa ulezi wa sokoni, ulikuwa mzee, umeota nusu. Nitumie kimea chako kidogo, mwalimu anataka tukipime.

Gati


Kenyamonta,
12 Juni 1977

Gati,

Salamu za baba yako, anasema usiolewe huko. Mavuno ya ulezi yamekuwa mazuri kwangu na mabaya kwa shamba la kijiji, na wanasema nimeroga. Nimepalilia, ndiyo uchawi wangu.

Nakujibu kwanza kuhusu kimea cha mtama. Mimi nitie mtama? Unazungumza na nani?

Nilifanya kama ulivyosema. Uji ulikuwa unasimamisha mwiko. Nikatia kimea, nikakoroga, ukashuka kama mtu aliyekubali kosa. Nikaonja, una utamu bila sukari. Nikamwita Verdiana. "Njoo uone, unga ni ule ule, mtoto atakunywa." Akachukua kikombe kwa mikono miwili, nikadhani ameelewa. Akanusa. Akatoka nje akamwaga, kuku wakala.

Nikamwambia, "Wewe, umemwaga chakula cha siku nzima."

Akasema, "Mama, ni kimea."

"Ni ulezi. Umeota. Hata maharage yakilowa yanaota, nayo ni walevi?"

"Mama, naomba usinijaribu."

Jumapili Mzee Athanas akaja hapa na mkewe Agustina. Wakakaa kwenye viti vyangu, wakakataa maji yangu. Athanas akasema kimea ni mama wa pombe, na anayemlisha mtoto mama atamlisha na binti. Nikamwambia basi na ulezi ni bibi, na ardhi ni nyanya mzaa bibi, aache kukanyaga. Agustina alicheka, akajifanya anakohoa.

Joram sasa halii. Zamani alikuwa analia nachukia, sasa nachukia kwamba halii. Anakaa pale unapomweka.

Nimefikiri. Mwalimu Nashoni anakuja Morogoro kwa semina ya walimu. Nampa mfuko wa kimea changu kwa maabara yenu. Nusu mpime mnavyotaka. Nusu kitie kwenye kopo safi, ubandike karatasi ya chuo, uandike kwa herufi zenu zile nzuri, umpe Nashoni arudi nalo, na barua kwa Verdiana, siyo kwangu. Nashoni hana kanisa na hana midomo.

Usinijibu kwamba ni uongo. Mjibu Joram.

Nyangi


Morogoro,
3 Julai 1977

Shangazi,

Shikamoo. Kopo analo Nashoni. Nimeandika: "Unga wa kulainisha uji wa mtoto. Kijiko kimoja kwa kikombe, uji ukiwa umepoa kidogo." Hakuna neno la uongo hapo na hakuna neno la kutosha. Barua kwa Verdiana ni fupi, nimemwandikia kama wifi, nimemwelekeza hatua kwa hatua.

Sina zaidi la kusema kuhusu jambo hili. Nisalimie nyumbani.

Gati


Kenyamonta,
7 Agosti 1977

Gati mwanangu,

Baridi ya huku imezidi. Baba yako amenunua koti la mtumba la mwanamke, lina vifungo vya maua, usimwambie nimekwambia.

Kopo limefika. Verdiana alilipokea kama amepokea kitoto kichanga. Akalipeleka kanisani likaombewa. Akapika mwenyewe, kwenye sufuria mpya, kwenye moto wake, mimi nikiwa nimekaa nje nachambua maharage kama mgeni. Mtoto akanywa. Akamaliza. Akashika kikombe akagonga kwa kidole, anataka tena. Nikainama kwenye maharage yangu.

Leo ni wiki ya nne. Miguu imenywea. Jana alimwuma Nashoni mkononi.

Ningepaswa kunyamaza nishukuru, lakini hili lazima niliseme. Kimea kile nimekilowesha mimi, nimekiotesha mimi kwenye majani ya mgomba, nimekianika mimi, nimekisaga mimi. Nyumbani kwangu kilikuwa na pepo. Kimepanda basi mpaka Mwanza, kimepanda treni mpaka Morogoro, kimerudi kimeokoka. Jumapili iliyopita Mzee Athanas alisimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya wataalamu wa chuo kikuu. Alitaja serikali. Alitaja chama. Alimtaja mwanafunzi binti yetu Gati. Wakati anasema hayo, pombe yangu ilikuwa inachemka nyumbani kwa kimea ambacho ni ndugu wa tumbo moja na kile cha kopo.

Sasa shika kalamu. Wamama wengine wanataka. Agustina ameandikisha majina, watoto kumi na tisa, wakiwamo wawili wa kijiji cha Nyambureti ambao sijui wamesikia wapi. Nimempa kondakta wa basi gunia dogo, lichukue stesheni. Tafuta makopo kumi na tisa. Karatasi zile zile.

Nyangi


Morogoro,
10 Septemba 1977

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu Joram mpaka nikalia maktabani, msimamizi akanipa onyo. Hilo nilitaka lije kwanza.

Gunia limefika limechanika, nusu limeliwa na panya wa treni. Lililobaki nimelikabidhi maabara. Makopo situmi. Hata moja.

Shangazi, mimi siyo duka, na chuo siyo kisima cha kubatizia ulezi. Mwalimu ameniuliza kimea hiki bora kinatoka wapi, nikasema kwa shangazi yangu, anapika pombe Kenyamonta. Sikuona haya. Akasema kimea chako kina nguvu mara mbili ya kile tulichootesha sisi kwa vipimajoto. Hapa natamka jina lako, huko mwenyewe unalificha nyuma ya karatasi yangu.

Hesabu, wewe unayependa hesabu. Namaliza chuo mwakani. Nikiondoka hapa nani atabandika karatasi? Watoto kumi na tisa leo, mwakani hamsini, na kila kijiko kisafiri kwenda na kurudi, panya wakila ushuru. Wakati kila nyumba ina ulezi ndani. Wamama wanatakiwa wajue kuotesha wenyewe. Hawatajua mpaka waambiwe kilichomo kwenye kopo.

Mwambie Verdiana. Ukishindwa, nitamwandikia mimi.

Gati


Morogoro,
20 Oktoba 1977

Shangazi,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi kimya. Nashoni naye hajibu. Nimemwandikia baba, amejibu kuhusu mwenyekiti na mpaka, ukurasa mzima, hakuna neno la Joram.

Barua ya Verdiana nimeiandika. Ipo hapa mezani, sijaituma. Kama kuna baya niambie. Kama umenikasirikia tu, niambie hilo pia.

Gati


Kenyamonta,
13 Novemba 1977

Gati,

Hakuna aliyekufa. Ondoa hofu kwanza, kisha unisikilize, maana nina mengi na karatasi ni moja.

Verdiana amejifungua, mtoto wa kike, ameitwa Boke. Waitara amekuja amekaa siku tatu, amekula kama aliyefungwa jela, amerudi kambini. Ndiyo kimya chenyewe, nilikuwa na mzazi ndani na Joram mgongoni. Na ndiyo, nilikuwa nimekukasirikia. Ile ya kisima cha kubatizia niliisoma nikaitupa, nikaiokota.

Sikumwambia Verdiana. Nilitaka. Kila nikifungua mdomo namwona Joram anagonga kikombe, nafunga. Kopo lilikuwa linakaribia mwisho. Nikawa nalijaza kidogo kidogo akienda mtoni, asione limepungua. Miezi mitatu kijiko kilikuwa kinaingia na kopo halishuki, na mimi nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu hana akili ya hesabu hata kidogo.

Basi Jumapili ya kwanza tangu atoke na kichanga, baada ya ibada, wakakaa wamama na wazee kwenye kiwanja cha kanisa. Agustina akauliza makopo ya Morogoro yanafika lini, wana Nyambureti wamekuja kwa miguu. Mzee Athanas akasema tumwombee mwanafunzi. Wote wakafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni, sikufumba. Nikamwona Verdiana naye hajafumba. Akasimama.

Akasema, "Mzee, msiombe. Hakuna kopo linalokuja. Unga huu unatoka nyuma ya nyumba yetu, ni wa mama mkwe wangu."

Athanas akasema, "Binti, umedanganywa?"

"Sijadanganywa. Nimeosha vyungu vya mama miaka mitatu, mzee, nisijue harufu ya kimea? Nilijua siku ile ile nilipofungua."

"Ulijua, ukalileta hapa tuliombee?"

"Nilileta. Ningelisema mngenikataza, na mngenikataza ningetii." Akasema hivyo taratibu, mtoto yuko kwenye titi. "Nilisali nisijue. Ikashindikana. Joram alikuwa anakufa."

Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu, mbele ya watu wote, akasema, "Na kopo halikuwa linashuka, mama. Hata mimi nahesabu."

Gati, sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumchapa. Miezi yote nanyatia kopo kwenye nyumba yangu mwenyewe kama mwizi wa ng'ombe, naye ananiacha ninyatie. Nimemwuliza tulipofika nyumbani. Akasema, "Ulikuwa unalijaza vizuri, ningesema nini?"

Wazee walikaa kikao. Baadhi ya wamama waliokuwa wamechotewa kijiko na Verdiana wamemwaga unga wao, nimeona kuku wa kijiji wamenenepa. Wengine wanakuja asubuhi, wanaume wakishatoka na ng'ombe, wanapita mlango wa nyuma. Nawafundisha kulowesha, kufunika, kuanika. Sitoi unga wangu, nafundisha, kama ulivyotaka, na wanalowesha vibaya, wananitia wazimu. Mmoja ameotesha mtama, nimemrudisha kwao na maneno. Agustina mwenyewe hajaja. Bakuli lake limekuja, na ulezi ndani.

Pombe sijaacha, usiulize.

Verdiana wamemtoa Meza ya Bwana mpaka mwakani. Nilimwambia akae mbele hata hivyo, yeye siyo mimi, awaachie Mungu na Athanas wabishane. Leo ameingia kanisani, amepita safu zote za mbele, amekuja mwisho kabisa kule ninakokaa, benchi lenye mguu mbovu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Rudi mbele, hapa hapatutoshi." Akasema, "Sogea, mama." Nikasogea. Akakaa na kichanga, akanipa Joram nimpakate. Mahubiri yalikuwa ya ulevi, marefu. Mtoto alilala juu ya paja langu mzito kama gunia la chumvi, mguu ukafa ganzi, na nilipotaka kumhamisha Verdiana akanishika mkono, akasema mwache. Nikamwacha.

Shangazi yako,
Nyangi